Mtu wa Ishirini

Keki ilifika ukumbini kabla ya habari. Ilikuwa keki pana kama mlango wa kabati, ya rangi ya bluu na dhahabu, rangi za chuo, na waokaji wa mjini walikuwa wameandika juu yake kwa sukari: HONGERA, CHUO CHA UTAFITI. Walioiagiza hawakungoja orodha ya madaraja ya vyuo itoke. Kwa nini wangoje? Kwa miaka mitano mkuu wa chuo alikuwa akizunguka vilima vyetu vya mashariki mwa Kentucky, kanisa hadi kanisa, akiwaambia watu kwamba Chuo Kikuu cha Laurel Fork, kilichoanza kama chuo cha kufunza walimu wa shule za msingi, sasa kinapanda daraja. Maprofesa wapya walikuwa wameajiriwa, maabara zimejengwa, na waliozoea kufundisha madarasa manne wamepunguziwa mawili ili wakafanye utafiti. Lililobaki ni watu ishirini wahitimu shahada ya uzamivu ndani ya mwaka mmoja, na hapakuwa na mtu aliyefikiri ishirini hawatatimia.

Mkuu wa chuo alipanda jukwaani na karatasi mkononi. Alitazama keki, akatazama watu, akakohoa.

"Tumepata kumi na tisa," alisema. "Tumekosa mtu mmoja."

Kisha mpishi mmoja, mwanamke mnene mwenye huruma ya kweli lakini asiye na akili ya mambo ya hadhara, akachukua kisu kirefu na kuanza kukwangua maneno yale ya sukari mbele ya macho ya watu mia tatu. Alikwangua "utafiti" kwanza. Alipofika kwenye "hongera" akasita, akaona heri aliache, kisha akaona halifai nalo, akalikwangua. Watu walipewa keki isiyo na neno, wakala wamesimama, maana sisi watu wa vilimani hatutupi chakula hata siku ya msiba.

Nadine Fugate alipewa kipande cha pembeni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na kazi yake kwa miaka ishirini na sita ilikuwa kukagua tasnifu. Hakukagua yaliyomo, hayo yalikuwa ya maprofesa. Yeye alikagua sura yake: ukubwa wa herufi, namba za kurasa, na zaidi ya yote pambizo. Kila tasnifu ililetwa mezani kwake imechapwa kwenye karatasi nzito, naye aliipima kwa rula ukurasa baada ya ukurasa, inchi moja na nusu kushoto, inchi moja pande nyingine. Bila saini yake hakuna aliyevaa joho. Wanafunzi walimwita Mama Rula, na alijua, na hakukasirika.

Alikikata kwa kijiko vipande vidogo vidogo. Wenzake wote pale walikuwa wakiulizana huyo mtu mmoja amepotelea wapi. Nadine alimjua kwa jina.

* * *

Alikuwa Dewey Ratliff. Ijumaa moja ya Aprili, mwaka uliotangulia, siku ya mwisho ya kupokea tasnifu za wahitimu wa Mei, aliingia ofisini saa kumi na moja kasoro dakika kumi, anahema, amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya wilaya ya jirani, mwendo wa saa mbili kwa gari, na alikuwa amesoma uzamivu wa elimu kwa miaka tisa, jioni na siku za Jumamosi.

"Nimewahi, Bi Nadine," alisema. "Barabarani kuna magogo yameanguka. Nilidhani nimekwisha."

"Weka hapo."

Alipima. Mwalimu Ratliff alisimama, hakuthubutu kuketi, kofia mkononi. Kurasa mia mbili na kumi zilikuwa safi. Kwenye kiambatisho cha mwisho, majedwali matatu yalikuwa yamevuka pambizo la kulia kwa robo inchi.

"Hii haipiti," Nadine akasema.

"Wapi?"

"Hapa, hapa na hapa."

Mzee aliinama akatazama. "Bi Nadine, hiyo ni robo inchi. Nitapunguza herufi nikuletee Jumatatu asubuhi, kabla hujavua koti. Nipigie saini tu leo."

"Siku ya mwisho ni leo. Utahitimu Agosti."

"Miaka tisa, mama! Ndugu zangu wameshakata tiketi za kuja Mei."

"Sheria sikuitunga mimi, Mwalimu Ratliff."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilikuwa baya. Kwani asubuhi ile ile Nadine alikuwa amepokea tasnifu kumi na moja, na tatu kati yake zilikuwa na kosa kama hilo, moja kubwa kuliko hilo. Wale watatu aliwaambia, "Nenda ukarekebishe, uniletee Jumatatu," akawapigia saini. Ndivyo alivyofanya kila mwaka. Watu hawakulijua hilo kwa sababu kila aliyesamehewa alidhani amesamehewa peke yake, akanyamaza.

Lakini huyu alikuwa Dewey Ratliff. Miaka kumi na mitatu nyuma, alipokuwa bado akifundisha shule ya huku kwetu, katika kikao cha wazazi, mbele ya akina mama wengine sita waliokuwa kwenye foleni, alikuwa amemwambia Nadine kuhusu binti yake: "Tessa ni mtoto mzuri, ila usijisumbue na chuo. Mtafutie nafasi ya saluni." Mmoja wa akina mama wale alicheka. Nadine alirudi nyumbani bila kusema neno, akalifungia neno lile moyoni, akalilisha na kulinywesha miaka kumi na mitatu. Siku lilipopata mlango likatoka.

Mwalimu Ratliff alifunga boksi lake. Mlangoni aligeuka, akasema, "Ahsante kwa muda wako," kwa adabu ya watu wa zamani, akaenda. Nadine alisikia gari lake likikataa kuwaka, likiwaka, likiondoka. Alijisikia vizuri sana. Tukitaka kusema ukweli wote, hata hilo tuliseme: alijisikia vizuri hadi alipofika nyumbani, akaosha vyombo akiimba.

Mzee alihitimu Agosti. Lakini mwaka wa chuo hufungwa mwisho wa Juni, na waliohesabiwa walikuwa wa mwaka uliofungwa.

* * *

Jioni ya siku ile ya keki, mumewe Hobert alikuwa amepika maharage na mkate wa mahindi. Hobert alichimba makaa ya mawe miaka ishirini na mbili hadi mapafu yakamkatalia, na sasa kazi yake ilikuwa jiko, redio na kubishana na redio. Tessa, binti yao wa miaka ishirini na tisa, aliingia na viatu vyake vya mpira vyenye tope la mtoni, akavivua mlangoni. Alifanya kazi kwenye maabara ya maji ya chuo. Kila wiki alizunguka mabondeni kuchota maji ya visima vya watu wanaoishi chini ya migodi iliyoachwa, akapima kama wanakunywa maji au wanakunywa sumu.

"Wametuita," alisema kabla hajaketi. "Maabara inafungwa Juni. Fedha za jimbo zilikuwa zinangojea daraja. Hakuna daraja, hakuna fedha."

Hobert aliweka mwiko chini. "Kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Mmoja, baba. Kumi na tisa badala ya ishirini."

"Mimi niliwaambia," Hobert alisema, ingawa hakumwambia mtu kitu. "Chuo cha walimu kikitaka kuvaa viatu vya wakubwa, lazima kijikwae. Na visima?"

"Visima mia moja na arobaini. Bibi Ison wa kule juu ameniuliza leo, nitakuja lini tena, maji yameanza kuwa mekundu. Nimwambie nini? Nimwambie tumekosa daktari mmoja wa falsafa, kwa hiyo kunywa hivyo hivyo?"

Nadine alikuwa akimimina chai baridi. Alimimina hadi ikafurika mezani.

"Mama! Uko wapi leo?"

"Nipo."

"Wanasema ni Lyle," Tessa aliendelea, akifuta meza. "Lyle Napier, yule wa takwimu. Kwamba kuna mtu alimruka kwenye hesabu. Profesa wetu anasema wa ishirini lazima yupo, ila kijana kampoteza kwenye makaratasi."

"Basi wamfukuze," Hobert akasema. "Mtu kazi yake ni kuhesabu hadi ishirini, anashindwa! Mimi mgodini nilihesabu watu sitini kila zamu, wakiingia na wakitoka, na sikupoteza hata mmoja."

"Usimseme mtu usiyemjua," Nadine alisema kwa ukali uliowashtua wote wawili.

"He! Nimekukanyaga wapi, Mama Tessa?"

Nadine alikula maharage yake yote, kwa sababu asiyekula katika nyumba ile huulizwa.

* * *

Lyle Napier alikuja ofisini kwa Nadine wiki iliyofuata. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mrefu, shingo nyembamba, shati limepigwa pasi mbele tu. Alibeba jalada lenye vibandiko vya rangi.

"Samahani, Bi Nadine. Najua una kazi."

"Ingia, mwanangu."

"Ninapitia upya kila idara. Dokta Marcum amenipa hadi Ijumaa nionyeshe kosa lilikuwa wapi." Dokta Marcum alikuwa mkuu wa shahada za juu, bosi wa wote wawili. "Nimehesabu kwa majina, nimehesabu kwa namba za usajili, nimehesabu kwa ada za majoho. Kila mara napata kumi na tisa. Sasa nakuuliza wewe, maana kila mmoja lazima apite hapa kwako. Kuna mtu yeyote alipita mikononi mwako nikamsahau? Yeyote?"

Alikuwa ameegemea meza, na macho yake yalikuwa mekundu. Daftari la mapokezi lilikuwa juu ya rafu, nusu hatua kutoka kichwani pake. Ukurasa wa Aprili uliandikwa kwa mkono wa Nadine mwenyewe: Ratliff, D., imerudishwa, pambizo.

Swali lilikuwa ni nani aliyepita. Ratliff hakupita. Nadine alishika tawi hilo, akaning'inia.

"Waliopita hapa ni hao hao unao," alisema.

"Basi ni mimi," Lyle alisema, akajaribu kucheka. "Mke wangu anasema labda sikulala vizuri, mtoto alikuwa mchanga. Inawezekana. Ukiwa hulali, unaweza kumruka mtu."

"Usijitese."

"Ahsante, Bi Nadine. Wewe ndiye mtu pekee ambaye hajanifokea wiki hii."

Alipotoka, Nadine alifunga mlango, akakaa. Alitaka kulia, machozi yakakataa. Alikuwa amedanganya kwa maneno ya kweli, na aliona kwamba huo ni uongo mchafu kuliko ule wa kawaida, kwa sababu mwenye kuusema hujipongeza.

* * *

Jumapili baada ya ibada alimwambia mumewe. Walikuwa wamekaa kwenye baraza, yeye na Hobert, na blanketi magotini, maana jua lilikuwepo lakini joto halikuwepo.

"Lyle hakukosea," alisema. "Mtu wa ishirini nilimrudisha mimi. Kwa robo inchi."

Hobert akauliza la kwanza ambalo mume yeyote wa pale angeuliza. "Nani anajua?"

"Hakuna."

"Sheria inasemaje kuhusu hiyo robo inchi?"

"Inasema nirudishe."

"Basi umefanya kazi yako! Unataka kuomba msamaha kwa kufanya kazi?" Alianza kukohoa, akasubiri kifua kitulie. "Sikiliza, Nadine. Umebakiza miezi kumi na minne upate pensheni kamili. Bima ya dawa zangu iko kwenye kazi yako. Tessa anarudi kukaa bure Juni. Ukienda kujisemea huko, watakutoa kafara wewe, na nyumba hii yote itaingia tumboni mwa hospitali. Yule kijana ni msomi. Atapata kazi mahali pengine."

"Ana mtoto mchanga."

"Kila mtu alikuwa na mtoto mchanga. Acha."

Nadine alifungua mdomo amwambie lililobaki, kuhusu wale watatu na ile saluni. Lakini Hobert alikuwa ameshamfariji, na ni vigumu kumwambia anayekufariji kwamba amefariji asiyestahili. Akavuta blanketi vizuri, akayaacha.

Hata hivyo Jumatatu alikwenda kwa Dokta Marcum. Tumpe haki yake, alikwenda. Alisema habari ya robo inchi kama alivyomwambia mumewe, nusu ya juu tu.

Dokta Marcum alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, aliyezoea kusikiliza huku akisoma kitu kingine. Safari hii aliweka kalamu chini.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Nilisoma daftari lako siku ya pili baada ya orodha. Nadine, kaa. Ulifuata mwongozo, na mwongozo nilitia saini mimi. Huna hatia."

"Lakini Lyle—"

"Lyle anaondoka na mshahara wa miezi miwili. Fikiria na mimi. Nikipanda kwa mkuu wa chuo nimwambie tumekosa daraja kwa sababu ya robo inchi ya karatasi tupu, hilo litafika kwenye magazeti ya jimbo lote kabla ya chakula cha mchana. Watatucheka miaka ishirini. 'Wale wa vilimani wanapima elimu kwa rula.' Kosa la hesabu ni kosa la kawaida, kila chuo hukosea hesabu. Mwaka huu tutapata ishirini na wanne, tutasahau." Akatabasamu. "Na kwenye sherehe ya Mei nimependekeza jina lako kwa tuzo ya utumishi. Umeistahili muda mrefu."

Nadine alitoka na tuzo. Aliteremka ngazi akishikilia ukuta. Alikuwa ametubu kwa watu wawili, na wote wawili wamemwambia hana hatia, na kila aliyemwambia hivyo alimwongezea mzigo badala ya kumpunguzia. Alijua sababu. Alikuwa amewapa wamsamehe kitu ambacho siyo alichokitenda.

* * *

Jumamosi, saa tano asubuhi, mbwa wa jirani akabweka na gari dogo likasimama mbele ya nyumba. Lyle Napier alishuka, amembeba binti yake wa miezi kumi na moja kwa mkono mmoja. Hobert alifungua mlango, akamkaribisha kwa bashasha iliyozidi kipimo, ya mtu anayejua jambo.

"Karibu, karibu. Tessa, mletee kahawa. Huyu nani? Mrembo huyu anaitwa nani?"

"Junie, mzee. Ahsante, sitakaa." Lakini aliketi, kwenye ncha ya kiti cha jikoni. "Bi Nadine, nimekuja na ombi. Kuna shirika la umeme kule Tennessee linataka mtu wa takwimu. Wanataka barua ya mtu niliyefanya naye kazi. Dokta Marcum amekataa, na kwenye idara yangu hakuna anayetaka jina lake lionekane karibu na langu. Nikafikiri, wewe ni mtu wa kipimo. Ukisema mimi ni mwangalifu, watakuamini."

"Nitaandika," Nadine alisema kwa sauti ndogo.

"Lazima niseme ukweli, ili usiaibike baadaye. Nimetia saini karatasi ya kukiri. Kwamba nilimruka mtu."

"Umekiri?" Tessa aligeuka na birika mkononi. "Ulimpata huyo mtu?"

"Sikumpata. Lakini watu wote wamesema yupo." Lyle alimhamishia mtoto goti la pili. "Mwanzo nilibisha. Halafu nikaanza kuhesabu nyumbani. Nilihesabu mara arobaini na kitu. Siku moja nikapata ishirini, nikafurahi, nikaita mke wangu aje aone, kumbe nimehesabu jina moja mara mbili. Alinitazama... Tangu siku hiyo hesabu za nyumbani anafanya yeye. Hata dawa ya mtoto, anapima yeye, mimi nashika kijiko tu. Na siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe sijiamini."

Hobert alikuwa akitazama dirisha. Tessa alikuwa amesimama tu. Nadine alitazama mikono ya kijana, ikimshika mtoto kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, kama mikono ya mtu aliyeambiwa kwamba huangusha vitu.

"Hapakuwa na mtu wa kumruka," Nadine alisema.

"Mama Tessa," Hobert akasema.

"Hapakuwa na mtu, Lyle. Umehesabu sawa. Mtu wa ishirini alifika mezani kwangu siku ya mwisho, nikamrudisha. Majedwali yake yalivuka pambizo kwa robo inchi."

"Kwa sheria!" Hobert alipiga meza, mtoto akashtuka. "Semeni na hilo! Ilikuwa sheria ya chuo, imeandikwa. Miezi kumi na minne, Nadine, kumi na minne tu!"

Lyle alimbembeleza mtoto. Aliyesema ni Tessa, aliyezaliwa na macho ya kupima kama ya mama yake.

"Siku hiyo wengine walikuwa sawa wote? Hakuna mwingine aliyevuka?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi. Angeweza kusema hakuna. Hakuna binadamu ambaye angekwenda kupima upya.

"Walikuwepo watatu," Nadine alisema. "Niliwapigia saini, wakarekebisha Jumatatu. Kila mwaka nafanya hivyo."

"Na huyu je? Kwa nini huyu?"

"Alikuwa Mwalimu Ratliff."

Tessa alilijua jina. Alilitafakari, na usoni pake likapita jambo baada ya jambo: shule, kikao, mabonde, visima.

"Alikutukana," Nadine alisema haraka, sasa analia. "Mbele ya watu. Alisema saluni. Nilikuwa nimelibeba miaka yote, nilifanya kwa ajili—"

"Usiniweke humo," Tessa alisema polepole. "Mama, nakuomba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nililia siku mbili nikasahau. Chuo nilikwenda. Kazi nilipata. Usiniambie umewanyima maji watu wa bonde zima kwa ajili yangu. Hilo beba mwenyewe."

Nadine alitikisa kichwa kukubali. Maneno yale yalimchoma, lakini hayakuwa na unafuu wa uongo ndani yake. Alivuta droo, akatoa karatasi na kalamu, akaivaa miwani. Hobert alisimama, akaketi, akasimama.

"Angalau usiandike hayo ya Ratliff," alisema kwa sauti iliyokwisha. "Andika robo inchi, inatosha kumwokoa kijana. Hayo mengine hayamhusu mtu."

"Nilishayaacha mara mbili, Hobert."

Aliandika jikoni pale, kwenye harufu ya kahawa iliyoungua, ukurasa mmoja na nusu, bila kujali pambizo. Aliandika kwamba Lyle Napier alihesabu kumi na tisa, na kumi na tisa ndiyo hesabu ya kweli. Aliandika jina la Dewey Ratliff, kwamba alimrudisha kwa chuki yake binafsi, kwa kosa ambalo siku hiyo hiyo aliwasamehe watatu. Aliandika kwamba alipoulizwa na Lyle alimficha, na kwamba Dokta Marcum alilisoma daftari. Mwisho akaandika jina lake na miaka yake ya kazi, akamsukumia Lyle.

"Hii haikufai kule Tennessee," alisema. "Mpelekee mkuu wa chuo. Jumatatu nitakuwa mlangoni pake kabla hajafika, nitayasema mwenyewe. Na kwa Mwalimu Ratliff nitakwenda kesho."

Lyle alisoma. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, kidole kikifuata mistari. Hakumwangalia Nadine, wala hakumsamehe, wala Nadine hakungoja asamehewe. Alipofika mwisho alirudi juu, akausoma tena mstari wa kwanza. Kisha akamwinua binti yake akamsimamisha mapajani, uso kwa uso.

"Kumi na tisa, Junie," alimwambia. "Baba alihesabu sawa."